Kigae Husema Sheria Kabla ya Rangi

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wanaojifunza kuchora kwa kompyuta, wakiwapo walimu na baadhi ya wazazi wao. Nimeyaandika upya ili yasomeke. Palipokuwa na picha ukutani nimeeleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi mliotoa Jumamosi yenu, na nyinyi vijana ambao shughuli hii ni yenu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeitwa kuzungumzia vigae vya gemu za mafumbo, yaani vile vipicha vidogo vya mraba vinavyopangwa kuunda uwanja wa mchezo, namna ya kuvichora na namna ya kuvibadilisha rangi. Mwalimu wenu amenidokeza mlangoni kwamba wengi mmekwisha kuanza, na swali kubwa mlilo nalo ni kitufe gani kinachogeuza kasha la njano liwe la buluu. Kitufe kipo, nitawaonyesha. Ila nitakichelewesha makusudi, maana kijana akishaonyeshwa kitufe hicho hasikii tena neno la mtu.

Nina jambo moja tu la kusema leo, na nitalizunguka kwa njia nyingi. Kigae katika gemu ya fumbo ni sheria iliyochorwa. Mchezaji hasomi maelekezo. Anakitupia jicho kigae na papo hapo anaamua kama kinasukumika, kinapitika, kinafunguka au kinaua. Mchoro ukimwambia uongo, hata uupake dhahabu, uongo utabaki palepale.

Tuchukue gemu isiyo na siri. Inaitwa Sokoban. Aliitunga Hiroyuki Imabayashi wa Japani, ikatolewa mwaka 1982 na kampuni yake, Thinking Rabbit, katika mji wa Takarazuka. Mtu yumo ndani ya ghala. Anasukuma makasha mpaka kila kasha likae kwenye kituo chake. Kuvuta hawezi. Kusukuma makasha mawili kwa mpigo hawezi. Sheria zimekwisha hapo, mtoto wa darasa la pili anazielewa. Lakini msizidharau: mwaka 1997 Joseph Culberson alithibitisha kimahesabu kwamba mafumbo ya Sokoban yamo katika kundi la matatizo ambayo hata kompyuta hutoka jasho kuyatatua, na hakuna njia ya mkato inayojulikana.

Wapenzi wa gemu hii hupeana mafumbo yao kwa maandishi matupu. Tazameni hili dogo kabisa:

#######
#@ $ .#
#######

Alama ya # ni ukuta, @ ni mtu, $ ni kasha, nukta ni kituo, na nafasi tupu ni sakafu. Hatua tatu kwenda kulia, fumbo limekwisha. Zipo alama mbili zaidi: * ni kasha lililokwisha kufika kituoni, na + ni mtu aliyesimama juu ya kituo. Kwa hiyo gemu nzima inahitaji michoro saba. Na mmeona kwamba tumeicheza sasa hivi bila rangi hata moja, kwa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe.

Basi vigae vya nini? Ni vya jicho. Fumbo likiwa na makasha kumi na kuta zinazopinda kama vichochoro vya Mji Mkongwe, akili inachoka kutafsiri alama. Kigae kizuri kinaondoa kazi hiyo ya kutafsiri, akili ibaki na fumbo lenyewe.

Sasa tulihamishe ghala hili Unguja. Liwe ghala la karafuu. Ni zoezi ninalolipenda kuwapa wanafunzi, na majibu yao yanafundisha kuliko mimi.

Wengi huchora gunia. Ni sawa, karafuu huwekwa kwenye magunia. Lakini gunia, kila mtu anajua, hubebwa begani au hukokotwa kwa kushikwa masikio. Mchezaji akiona gunia anataka kulinyanyua. Anabonyeza kila kitufe akitafuta cha kunyanyulia, hakipo, anaanza kuilaumu gemu. Wengine huchora mkokoteni wa hamali, tena wanauchora vizuri sana, magurudumu, mpini, na magunia yamepangwa juu. Huo ni mbaya zaidi. Kitu chenye mpini kinaomba kuvutwa, na sheria ya kwanza ya Sokoban ni kwamba hakuna kuvuta. Umechora kinyume cha sheria! Mchezaji ataulaza mkokoteni ukutani akiamini atauvuta baadaye, na fumbo litakuwa limekufa bila yeye kujua.

Kasha la mbao ndilo linalosema kweli. Halina mpini wala magurudumu. Ni pana, ni zito, limekaa chini limejaza kigae chake karibu chote. Ukilitazama unajua la kufanya: egemea, sukuma. Ukitaka karafuu zionekane, ziweke kwenye kifuniko, punje chache za kahawia iliyokolea. Hapo umepata Unguja yako na sheria hujaivunja.

Nimekaa sana kwenye kasha kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Yanayofuata ni ufundi, na ufundi hujifunzwa.

Kigae cha kawaida kwa gemu hizi ni pikseli 32 kwa 32, pikseli zikiwa ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha kwenye skrini. Zidisheni, mtapata pikseli 1,024. Zinaonekana nyingi mpaka utakapojaribu kuchora uso wa mtu. Ushauri wangu ni kuchora ukiwa umekuza mchoro mara nane, halafu kila baada ya muda mfupi urudi kwenye saizi halisi. Watu huchora jicho lenye kope kwa ukubwa wa mara kumi na sita, kisha kwenye gemu jicho linakuwa doa.

Sakafu iacheni itulie. Kosa linaloenea ni kuipamba sakafu kwa kuwa ndiyo kubwa. Hapana. Sakafu ndiyo itakayorudiwa mara nyingi kuliko kigae chochote, kwa hiyo kila doa utakaloliweka litarudi mara mia moja likiwa limejipanga mistari. Weka rangi mbili zilizokaribiana sana, mikwaruzo midogo, basi.

Ukuta ndio mahali pa kumwaga mapambo, na hapa nawapeleka kwenye kabati za mama zenu. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa. Wachoraji wa kanga wamekuwa wakitatua shida yetu tangu kabla ya kompyuta. Pindo lazima lirudierudie bila kuonekana lilipoungwa, na kwenye pembe lazima lipinde bila kukatika. Chukueni kanga yoyote, tazameni pembe yake, mtaona mchoraji ametunga mchoro wa peke yake kwa ajili ya pembe hiyo. Na sisi ndivyo tunavyofanya.

Kila kigae cha ukuta kina majirani wanne. Jirani wa kaskazini mpe namba 1, wa mashariki 2, wa kusini 4, wa magharibi 8. Jumlisha namba za majirani ambao nao ni ukuta. Ukuta ulio peke yake unapata 0, uliozungukwa pande zote unapata 15. Pembe yenye jirani juu na kulia inapata 1 na 2, yaani 3. Kwa hiyo unachora vigae 16, kutoka 0 hadi 15, na programu inachagua yenyewe. Wapo wanaohesabu na majirani wa kona, hao hufika vigae 47. Msianze na 47. Mtaacha kuchora mkalime.

Kujua kama kigae kinaungana vizuri na mwenzake, kisogezeni kwa nusu: pikseli 16 kwenda kulia na 16 kwenda chini, kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, kazi hiyo ina amri yake kwenye menyu ya tabaka, na GIMP ni ya bure. Kingo zote zitahamia katikati, na kama kuna mshono utauona msalaba mzima umekaa mbele yako. Rekebisha hapo, kisha rudisha.

Haya, tuje kwenye rangi.

Programu karibu zote za picha zina kitelezi cha kuzungusha rangi. Unakivuta, nyekundu inakuwa njano, njano inakuwa kijani, kijani inakuwa buluu. Hicho ndicho kitufe mlichokuwa mkikitafuta. Kinafurahisha sana, na kinaharibu vigae vingi kuliko kirusi.

Niwaonyeshe kwa hesabu. Kila rangi kwenye skrini ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Lakini jicho la binadamu halizipi uzito sawa. Watu wa televisheni wana kanuni yao ya siku nyingi: chukua nyekundu zidisha kwa 0.299, kijani kwa 0.587, buluu kwa 0.114, jumlisha. Jibu ndio mwangaza ambao jicho litauona. Njano kali, ambayo ni 255, 255, 0, inapata kama 226. Buluu kali, 0, 0, 255, inapata 29. Kijani inapata 150, nyekundu 76.

Umeona kilichotokea kasha lilipogeuzwa kutoka njano kwenda buluu? Limeanguka kutoka 226 hadi 29. Lilikuwa limeng'aa juu ya sakafu ya kahawia, sasa limezama chini ya sakafu. Mstari mweusi uliouchora kuonyesha ukingo wa mbao, ambao ulikuwa unaonekana waziwazi juu ya njano, sasa umeliwa na buluu. Hukugusa umbo hata pikseli moja, na umbo limepotea.

Kwa hiyo mimi hubadilisha rangi kwa ngazi. Kasha langu la mbao lina rangi nne tu, kutoka kivuli hadi mng'ao: 60, 30, 20, kisha 120, 70, 35, kisha 180, 120, 60, na ya juu 230, 185, 110. Ukizipitisha kwenye ile kanuni, mwangaza wake ni kama 38, 81, 131 na 190. Nikitaka kasha la kijani-buluu, sikigusi kitelezi. Natafuta rangi nne mpya zenye mwangaza unaokaribiana na zile: 20, 50, 60, kisha 30, 105, 110, kisha 70, 165, 160, na ya juu 150, 225, 205. Mwangaza wake ni kama 42, 83, 136 na 200. Kisha naibadilisha kila ngazi kwa mwenzake. Mbao zinabaki mbao, kivuli kinabaki kivuli. Na angalieni kwamba kivuli nimekielekeza kwenye buluu zaidi na mng'ao kwenye kijani. Ukiongeza nyeusi tu kwenye kivuli na nyeupe tu kwenye mng'ao, kasha litaonekana limepakwa vumbi.

Kazi hii ni nyepesi zaidi mkihifadhi picha kwa paleti. Katika picha ya aina hiyo pikseli haibebi rangi, inabeba namba, na pembeni kuna orodha inayosema namba 1 ni rangi gani, namba 2 ni rangi gani. Badilisha orodha, picha nzima imebadilika na hakuna pikseli iliyosahaulika nyuma ya mlango.

Mashine za zamani hazikuwa na njia nyingine. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, wingu lililoko angani na kichaka kilichoko ardhini ni mchoro mmoja uleule. Juu umepewa nyeupe, chini umepewa kijani. Kumbukumbu yote ya michoro ndani ya kaseti ile ilikuwa kilobaiti 8, ambayo inatosha vigae 512 vya pikseli 8 kwa 8. Simu ya bei ya chini kabisa iliyoko mfukoni mwenu leo hupiga picha moja inayozidi hapo mara nyingi. Na wachezaji walicheza mamilioni bila kulalamika kwamba kichaka kinafanana na wingu, kwa sababu wingu na kichaka havina sheria. Ni pambo. Pambo libadilisheni rangi mpendavyo.

Lakini sikieni ya Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka. Toleo la Nintendo la mwaka 1989 lilikuwa na seti kumi za rangi. Ukipanda hatua, vipande vinabadilika rangi, na baada ya kumi zinaanza upya. Watengenezaji hawakutegemea mtu afike mbali. Ukifika hatua ya 138, programu inapitiliza mwisho wa orodha yake ya rangi na kuanza kusoma vitu vingine vilivyomo kwenye kumbukumbu kana kwamba navyo ni rangi. Zinatoka rangi ambazo hakuna mchoraji aliyezichagua. Hatua ya 146 ina giza, na ya 148 ndiyo balaa: vipande vinakaribia weusi kabisa juu ya mandhari nyeusi. Kasi ni ileile, imekuwa ileile tangu hatua ya 29. Umbo la vipande ni lilelile. Kilichobadilika ni namba mbili tatu za rangi, na wachezaji wakubwa wa dunia wakawa wanafia hapo. Tarehe 21 Desemba 2023, kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, Willis Gibson, alizipita hatua hizo na kufika ya 157, gemu yenyewe ikaganda. Kwa mara ya kwanza mtu aliifikisha mashine ile mwisho wa uwezo wake. Wengine wanamsifu kwa vidole. Mimi namsifu kwa macho.

Sasa nirudi kwenye kasha langu, kwa kuwa kuna mtego nimewawekea na sijui kama mmeuona. Nimesema kasha jipya liwe na mwangaza uleule wa kasha la zamani. Vizuri. Katika Sokoban, wengi hutumia kubadilisha rangi kuonyesha kwamba kasha limefika kituoni: la kahawia likifika linakuwa la kijani. Chukueni simu zenu, nendeni kwenye mipangilio ya ufikivu, washeni skrini ya kijivu, kisha tazameni. Makasha yote yamekuwa sawa! Lililofika na lisilofika hayatofautiani, kwa sababu nimeyalinganisha mwangaza kwa mkono wangu mwenyewe.

Na hii si hadithi ya simu tu. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni kama mmoja kati ya 200. Tofauti hiyo inatokana na jeni zilizo kwenye kromosomu ya X: mwanamke anazo mbili, moja ikiwa na kasoro nyingine inamsaidia, mwanamume ana moja tu. Kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, lakini watu hao wapo, pengine humu humu ndani, na wengi wao hawajui kwamba wenzao wanaona vingine.

Dawa yake ni umbo. Kasha langu lina mbao mbili zilizopishana kama msalaba mbele. Likifika kituoni, msalaba unaondoka na mahali pake panakaa duara jeupe. Rangi nabadilisha pia, sikatai, lakini rangi inakuja kuthibitisha kile ambacho umbo limekwisha kusema. Hivyo hivyo na mtu aliyesimama juu ya kituo: acheni kituo kichungulie miguuni pake, pikseli tatu nne kila upande. La sivyo mchezaji atasahau kwamba pale palikuwa na kituo.

Kuna gemu ambazo rangi yenyewe ni sheria, na hapo mtembee polepole. Chip's Challenge ni mojawapo. Chuck Sommerville aliitunga kwa ajili ya mashine ndogo ya Atari Lynx, mwaka 1989, na baadaye ikaingia kwenye Windows. Kila fumbo ni uwanja wa vigae 32 kwa 32, lakini mchezaji anaona 9 kwa 9 tu, yaani vigae 81 kwa wakati mmoja. Kuna maji, moto, barafu, na sakafu zinazomsukuma mtu. Kuna milango ya rangi nne, buluu, nyekundu, manjano na kijani, na funguo zake. Ufunguo wa kijani hauishi; ukiupata unafungua milango ya kijani yote. Zile nyingine, kila ufunguo mlango mmoja.

Leo watu huicheza kwa programu huria iitwayo Tile World, aliyoiandika Brian Raiter, na ukitaka sura nyingine unaweka faili lako la vigae mahali pa lile la mwanzo. Kwa hiyo imevutia wachoraji wengi. Sasa tuseme umeamua kwamba kijani haipendezi na umefanya milango hiyo zambarau. Mchezaji aliyezoea ataona mlango wa zambarau na hatajua kama ufunguo wake unaisha. Tena, katika gemu ile kuna vigae vya dokezo. Mtunzi wa fumbo akiandika humo kwamba utafute ufunguo mwekundu, na wewe umeugeuza wa chungwa, umemfanya mtunzi awe mwongo bila idhini yake. Hapa chezeni na ngazi, kivuli, mbao za mlango, kitasa, lakini nyekundu ibaki nyekundu. Na kila ufunguo mpeni kichwa chake: duara, pembetatu, mraba, jani. Atakayekuwa haoni rangi atafungua mlango kwa umbo, kama mlango nao umechorewa alama ileile.

La mwisho la ufundi ni dogo lakini linatia aibu. Ni ule ukingo wa waridi.

Mtu, ufunguo na kiatu lazima viwekwe juu ya sakafu bila kubeba mandhari yao. Leo tuna faili za picha za aina ya PNG zenye uwazi wake. Zamani, na mpaka leo katika gemu nyingi za aina hii, faili ni za aina ya BMP na uwazi unaonyeshwa kwa rangi moja ya makubaliano, mara nyingi waridi kali mno ya 255, 0, 255. Imechaguliwa kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeichorea kitu. Programu ikiona namba hiyo haichori chochote hapo. Lakini inataka namba hiyo hasa. Ukichora kwa brashi laini, kwenye ukingo wa bega zitatokea pikseli zilizochanganya kahawia na waridi, na programu itazichora zote. Mtu wako atatembea ghalani amezungukwa na utepe wa waridi kama anakwenda kwenye harusi. Tumieni penseli, siyo brashi. Mkibadilisha ukubwa, chagueni njia isiyolainisha. Na msihifadhi vigae kwa JPEG hata siku moja. JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria, na waridi yako itatoka 254, 1, 252, ambayo kwa programu ni rangi kama rangi nyingine.

Kuhusu haki za watu nitasema kwa kifupi, sheria wanayo wenyewe. Kubadilisha rangi ya vigae vya mwenzako hakukupi umiliki wake. Someni leseni iliyokuja na faili. Nyingine zinaruhusu kila kitu, nyingine zinataka jina la mchoraji litajwe, nyingine zinakataza. Kama hakuna leseni, mwandikieni mwenye kazi. Wengi hujibu, na hufurahi.

Palikuwa na maswali. Nitaweka mawili.

Mzazi mmoja, baba, aliuliza kama hii ni kazi au ni mchezo tu, kwa maana anamwona mwanawe amekaa usiku kucha na miraba. Nilimjibu kwamba yule anayejua kuhesabu mwangaza wa rangi, kupanga vigae 16 vya ukuta kwa namba na kufikiria mtu asiyeona nyekundu, anaweza kukaa mbele ya kazi yoyote ya usanifu wa programu, ramani au nguo. Nikamwambia pia kwamba usiku kucha sikubaliani nao. Macho yaliyochoka huchagua rangi mbaya.

Binti mmoja wa mbele aliuliza aanze na kigae kipi. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kuanza na mtu, maana ndiye shujaa. Nikamwambia aanze na sakafu, halafu kasha juu ya sakafu hiyo, halafu kasha lililofika. Akiweza kuvitofautisha vitatu hivyo kwenye skrini ya kijivu akiwa amesimama mlangoni mwa chumba, aende kwenye kituo na ukuta. Mtu awe wa mwisho, kwa kuwa ndiye pekee anayetembea, na kitu kinachotembea jicho hukiona hata kikichorwa vibaya.

Tukaenda kwenye kompyuta. Kwenye kila mashine niliweka faili la vigae saba, vyote kijivu, na paleti nimeifunga mpaka baada ya chakula cha mchana. Walinung'unika kweli kweli.